Neno la Kwanza kwa Mtoto Anayeonewa Shuleni

Shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, hapana nyumba yenye mtoto isiyoshughulika. Sare hushonwa, viatu hununuliwa, madaftari hufunikwa kwa karatasi, na ada hutafutwa hata kwa kukopa. Mtoto arudipo jioni huulizwa kama amekula, amesoma nini, na kama mwalimu amezisahihisha hesabu zake. Ni maswali mema, wala hakuna awezaye kuyalaumu. Lakini liko swali moja ambalo wazazi wengi hatuliulizi, nalo ni hili: huko shuleni, wenzako wanakutendea vipi?

Hatuliulizi kwa kuwa twadhani jawabu lake twalijua. Watoto, twasema, ni watoto. Asubuhi wamegombana na adhuhuri wamekula pamoja. Usemi huo una ukweli wake. Hata hivyo, wako watoto ambao adhuhuri haiwaletei mapatano. Kwao kengele ya mapumziko ni kengele ya hofu, na njia ya kurudi nyumbani huwa ndefu kwa kuwa hulazimika kuuzunguka mtaa mzima ili wasikutane na fulani. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo, pamoja na wajibu wetu kwao. Hoja yetu ni moja: neno la kwanza analolisikia mtoto siku alipothubutu kusema ndilo liamualo kama atasema tena.

Yafaa kwanza tutenganishe ugomvi na uonevu, maana wengi huvichanganya viwili hivi. Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira, wakatupiana maneno na pengine makonde, huo ni ugomvi, na mara nyingi huisha wenyewe. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi yake kwa miaka mingi nchini Norway, alianza kuichunguza kadhia hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye alionyesha alama tatu za uonevu. Kwanza, unakusudiwa kuumiza. Pili, unarudiwarudiwa, leo na kesho na kesho kutwa. Tatu, nguvu hazilingani, hata yule anayetendewa hawezi kujitetea. Nguvu hizo si za misuli peke yake. Mtoto mmoja mbele ya kundi ni mnyonge, hata akiwa na mwili mkubwa. Mwenye kigugumizi ni mnyonge mbele ya mwenye ulimi mkali, na mgeni ni mnyonge mbele ya wenyeji. Aidha, uonevu si kupiga tu. Kumpachika mwenzako jina la kumdhalilisha, kumnyang'anya chakula, kumtenga na mchezo kila siku, kumcheka kwa viatu vyake vilivyotoboka au kwa ulemavu wake, yote hayo ni uonevu.

Wala jambo hili si dogo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilitoa ripoti iliyokusanya habari za nchi 144, ikaonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika muda wa mwezi mmoja uliotangulia kuulizwa kwake. Msomaji na atazame watoto wanaopita mbele ya mlango wake asubuhi wakielekea shule, awahesabu watatu watatu.

Kwa muda mrefu nchi nyingi ziliuchukua uonevu kuwa sehemu ya malezi, kama surua ambayo kila mtoto hana budi kuipata. Norway nayo ilikuwa hivyo hadi mwishoni mwa mwaka 1982, ambapo magazeti yalitangaza habari za wavulana watatu wa upande wa kaskazini, wa umri kati ya miaka 10 na 14, waliojitoa uhai, na ilidhaniwa sana kwamba sababu ilikuwa ni kuonewa vikali na wenzao. Taifa zima lilishtuka, na mwaka 1983 wizara ya elimu ikaanzisha kampeni ya nchi nzima ya kupambana na uonevu katika shule. Wavulana wale hawakuishi kuiona. Ndiyo hasara ya kungoja mpaka msiba ndio utuamshe.

Lakini hatuna haja ya kwenda ughaibuni kutafuta mfano. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la tano mwaka 1974 katika shule moja ya huku pwani. Kila asubuhi mama alinipa senti kumi ya kununulia mhogo wa kukaanga wakati wa mapumziko. Nyuma ya uwanja palikuwa na mkwaju mkubwa, na chini yake alikaa mvulana wa darasa la saba aliyenipita kimo kwa kichwa kizima. Senti kumi ile ikawa yake. Siku nilipokosa kitu cha kumpa, alinilazimisha nimbebee mkoba wake na kujiita punda mbele ya wenzangu. Walicheka, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa jirani zetu.

Baada ya majuma kadhaa nilijipa moyo nikamwambia baba. Alikuwa fundi wa majahazi, mtu mpole wa maneno machache, aliyependwa na watu. Aliiweka tezo yake chini, akanitazama, kisha akasema, "Na wewe huna mikono?" Akaongeza kwamba hapendi kusikia tena mwanawe wa kiume akija kulialia. Sina shaka kwamba alitaka kunikomaza. Yeye naye, nadhani, aliambiwa hivyo hivyo na babake. Nami nilimtii kama alivyotaka: sikusema tena.

Yule mvulana alipoona kwamba hakuna mkubwa anayekuja, aliongeza kodi yake. Sasa alitaka sumuni kila Ijumaa. Mama alikuwa akipika mahamri ya kuuza, na fedha zake aliziweka katika mkebe wa maziwa ya unga chini ya kitanda. Nikawa mwizi wa mkebe ule. Nilipokamatwa nilichapwa, na kwa haki, maana kosa nililitenda. Lakini katika siku zote za kuitwa mwizi, hapana mtu aliyeniuliza fedha zile nilizipeleka wapi. Taabu yangu haikutatuliwa na mzazi wala mwalimu. Iliisha kwa sababu yule mvulana alimaliza darasa la saba akaondoka. Aliyebaki nyuma yake ni mtoto aliyejifunza kuiba na kunyamaza.

Nimekisimulia kisa hiki si kwa kumlaumu marehemu, bali kwa kuwa kinaonyesha jinsi kimya cha mtoto kinavyotengenezwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mara nyingi mtoto hayafichi maradhi yake kwa ujinga. Ameshayaonyesha mara moja, na mkubwa akatazama kando. Wengine hunyamaza kwa haya, wakidhani kuonewa ni aibu yao wao. Wengine huogopa kwamba mwonevu atalipiza kisasi, au kwamba mzazi atakwenda shuleni kwa hamaki na kufanya mambo yawe mabaya zaidi. Na katika siku zetu hizi mtoto anayetukanwa katika makundi ya WhatsApp huogopa kwamba akisema, simu ndiyo itakayochukuliwa, na yeye ndiye atakayeadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Maadamu watoto hunyamaza, mzazi hana budi kujifunza kusoma dalili. Mtoto aliyependa shule huanza kuumwa na tumbo kila Jumatatu alfajiri, na tumbo hilo hupona saa tatu, kengele ya shule ikiisha kulia. Hurudi na njaa ilhali alipewa fedha ya chakula. Kalamu hupotea, na sweta nayo hupotea. Shati huja na vifungo vimeng'oka, na maelezo yake hubadilika kila unapouliza. Hubadili njia ya kwenda shule, huacha kuwataja marafiki, usingizi wake huwa wa kukatikakatika, na alama zake hushuka bila ya sababu. Hutokea pia akawa mkali kwa wadogo zake, akiwatendea yale anayotendewa. Dalili moja pekee si ushahidi, lakini zikija mbili au tatu pamoja, haifai kuzipuuza.

Je, siku mtoto asemapo, mzazi aseme nini? Kwanza na anyamaze, asikilize mpaka mwisho. Asimkatize kwa kumwuliza, "Na wewe ulimfanya nini?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa nia njema, masikioni mwa mtoto huwa ni hukumu. Baada ya kusikiliza, na amwambie mambo matatu kwa maneno mepesi: kwamba anamsadiki, kwamba kosa si lake, na kwamba amefanya vyema kusema. Kisha amwulize, "Wewe ungependa tufanye nini?" Si kwamba mtoto ndiye atakayeamua kila kitu. Lakini aliyenyang'anywa uwezo huko shuleni hupata nafuu kubwa aonapo kwamba nyumbani kauli yake ina uzito. Pia mzazi asiahidi kuitunza siri asiyoweza kuitunza. Na amweleze waziwazi kwamba mwalimu atapaswa kujua, ila watakubaliana wao wawili ni mwalimu yupi aambiwe na kwa njia gani.

Yako mashauri mawili yapendwayo sana ambayo yafaa tuyapime. La kwanza ni lile la baba yangu: mpige nawe. Wanaolishikilia hutoa mfano wa mtoto fulani aliyepigana siku moja na tangu siku hiyo akaachwa. Huenda yakatokea hayo. Lakini tumeona kwamba alama ya uonevu ni nguvu zisizolingana, kwa hivyo anayeambiwa apigane mara nyingi anapelekwa kupigwa zaidi. Siku atakayookota jiwe ili apate kushinda, yeye ndiye atakayefukuzwa shule, na mwonevu atakaa kiti cha mdhulumiwa. Shauri la pili ni la upole zaidi, nalo ni: usimjali, atachoka. Kumpuuza mchokozi wa siku moja kwafaa. Lakini kumwambia hivyo mtoto anayedhulumiwa kila siku ni sawa na kumwambia avumilie peke yake.

Hii haina maana kwamba mtoto afundishwe unyonge. Yako mambo anayoweza kuyafanya, na mzazi anaweza kuyazoeza naye nyumbani, kama mchezo, mpaka yawe mepesi kwake. Anaweza kusimama wima, akasema kwa sauti ya kusikika, "Acha, sipendi," kisha akaondoka kuelekea mahali penye watu wazima, bila ya kungoja jibu. Anaweza kutembea na mwenzake mmoja au wawili, kwani waonevu hupenda walio peke yao. Anaweza kuepuka pembe za shule zisizo na macho ya mtu wakati wa mapumziko. Na nje ya shule yafaa awe na mahali ambapo anathaminiwa, iwe ni timu ya mpira, kwaya, madrasa, au karakana ya mjomba wake, ili ajue kwamba yeye si lile jina wanalomwita.

Baada ya hapo kazi ni ya wakubwa. Mzazi na aandike katika daftari tarehe, mahali, lililotendeka na waliokuwapo. Kama ni matusi au picha zilizopelekwa kwa simu, zisifutwe. Zihifadhiwe, maana ndizo ushahidi. Kisha aende shuleni kwa utulivu, aanze na mwalimu wa darasa, asitangulie kwa wazazi wa mtoto yule mwingine. Magomvi mengi ya majirani yalianzia katika kizingiti cha mlango namna hiyo. Aulize mambo ya hakika: ni nani anayesimamia uwanja wakati wa mapumziko? Mtoto wangu atakaa wapi darasani? Tutaonana tena siku gani ili tujue kama mambo yametengemaa? Akikosa kusikilizwa na mwalimu, yuko mwalimu mkuu, na juu yake iko kamati au bodi ya shule na ofisi ya elimu.

Mzazi akienda huko ajue kwamba haendi kuomba hisani. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili na udhalilishaji, uwe wa mwili au wa akili. Tanzania nayo, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inakataza mtoto kutendewa matendo ya kikatili na ya kudhalilisha. Katika nchi zote mbili iko namba ya simu 116, isiyotozwa malipo, ambayo mtoto mwenyewe au mkubwa yeyote anaweza kuipiga. Na mtoto akisema kwamba amechoka na maisha, au afadhali asingezaliwa, neno hilo lisichukuliwe kuwa la utoto. Asiachwe peke yake, na msaada wa daktari au mshauri utafutwe siku hiyo hiyo.

Tahadhari zaidi yahitajika kwa walio katika shule za bweni, ambao hawarudi nyumbani jioni. Kwa miaka mingi mwanafunzi mgeni katika mabweni ya Kenya ameitwa "mono", na chini ya jina hilo wengi wamefuliza wakubwa nguo zao, wamegawa chakula chao bila ya hiari, na wameamshwa usiku wa manane kuwaimbia waliowatangulia. Waliotendewa hayo mwaka huu ndio watakaoyatenda mwaka ujao, na hivyo dhuluma huitwa mila. Siku ya kuwatembelea watoto, mzazi asitosheke na kukabidhi mfuko wa vyakula na kutazama ripoti. Na achukue nafasi akae na mwanawe kando, mbali na masikio ya wengine, amwulize lile swali tulilolitaja mwanzo.

Yaweza kuulizwa kama juhudi hizi zote zina faida. Mjini Bergen, Norway, Olweus na wenzake walifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 tangu mwaka 1983 hadi 1985. Wanafunzi waliulizwa wenyewe hali ilivyo, wakubwa wakasimamia viwanja wakati wa mapumziko, kila darasa likawa na kanuni zake juu ya uonevu, na wazazi wa pande zote wakaitwa kuzungumza. Uonevu ulipungua kwa nusu au zaidi. Hayakutumika mapesa mengi wala mitambo. Wakubwa walikubali kutazama na kusikiliza.

Tusiwasahau wale wanaosimama kando, maana ndio wengi. Katika uchunguzi uliofanywa katika viwanja vya shule za msingi huko Toronto, Kanada, na kutangazwa mwaka 2001, watoto walipigwa picha wakiwa mchezoni. Katika kila visa 100 vya uonevu, wenzao walikuwapo katika visa 88, lakini waliingilia kati katika visa 19 tu. Hata hivyo, mara nyingi walipoingilia, uonevu ulikoma katika muda wa sekunde 10. Hapa ndipo palipo na kazi ya kila mzazi, hata yule ambaye mwanawe haonewi. Watoto wa jirani zetu waliocheka chini ya mkwaju hawakuwa waovu. Hapana aliyewafundisha kwamba kutocheka, au kumwita mwenzao aje wacheze, au kumwendea mwalimu, kungetosha. Nasi tumwambie mtoto wazi kwamba kumchongea mtu ili apate adhabu si sawa na kusema ili mtu aokolewe.

Na ikiwa habari zitakujia kwamba mwonevu ni mwanao? Ni habari chungu, na pupa ya kukanusha ni kubwa. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi. Kumchapa ili aache kuchapa wenzake ni kumthibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Na aelezwe wazi kwamba tendo lile halikubaliki, arudishe alichokichukua, aombe radhi, na afuatiliwe. Nasi wakubwa tujichunguze ni wapi alikojifunza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa baba, mwanangu alirudi jioni moja shati limechanika kwapani. Aliposema sababu, nilihisi maneno ya baba yangu yamenijia ulimini, tayari kutoka. Niliyameza. Nikamketisha, nikamsikiliza, na kesho yake tukaenda shuleni pamoja. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilichukua muhula mzima na safari nne kwa mwalimu. Lakini kila jioni ya muhula ule mtoto alinieleza yaliyompata, mazuri na mabaya.

Mama alikuwa amekwisha kuwa mzee sana nilipomweleza ilikokwenda sumuni ya mkebe wake. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mbona hukusema, mwanangu?" Sikutaka kumhuzunisha, kwa hivyo sikumjibu. Lakini ukweli ni kwamba nilisema, mara moja. Mtoto wako naye huenda akasema mara moja tu, pengine jioni ya leo, wakati umechoka na chakula hakijaiva. Acha unalolifanya, umsikilize.